Saumu Iliyokuja Mara Mbili

Basya Gurvich alisimama jikoni, kidole kwenye kalenda ya sinagogi, macho yamemtoka kama aliyekuta mwizi kabatini.

"Inessa! Hebu njoo. Tasnifu yako unaitetea lini?"

"Tarehe ishirini na mbili, mama. Nikwambie mara ngapi?"

"Tarehe ishirini na mbili ni saumu ya mwezi wa Tevet."

"Ile tumeshafunga, mama. Januari mosi. Umesahau? Majirani wa chini walikuwa bado wanatapika mkesha wa mwaka mpya, sisi tunakufa kiu."

"Hiyo ilikuwa ya mwaka jana."

"Ilikuwa mwaka huu!"

"Mwaka huu wa kwao. Kwetu sisi ni mwaka jana. Halafu unaitwa msomi."

Inessa aliisogelea kalenda, akasoma, akaketi. Kweli tupu. Kalenda ya Wayahudi inakwenda na mwezi, kwa hiyo saumu hiyo inaweza kuja Januari, ikarudi tena Desemba ileile, kisha mwaka unaofuata isionekane kabisa. Hilo alilijua vizuri. Alikuwa amewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza pale chuo kikuu cha Potsdam, Ujerumani, na mfano akawachorea ubaoni. Kuangalia kalenda ya jikoni kwake ndiko kulikomshinda.

Kwa Wayahudi wengi wa Potsdam saumu hiyo ni ndogo, wengine hata hawaikumbuki. Kwa Basya ilikuwa siku ya baba yake. Zalman alikuwa mshona kofia katika mji wa Vinnytsia, huko walikotoka. Kiangazi cha vita kilipofika Wajerumani wakamchukua pamoja na wanaume wenzake, na toka hapo hakuna aliyeleta habari, wala mwili, wala tarehe. Rabi ndiye aliyemwambia Basya, uzeeni, kwamba waliokufa bila siku yao kujulikana huombewa siku ya saumu ya Tevet. Yeye aliyekula nyama ya nguruwe kwenye kantini ya kiwanda miaka nenda rudi, akaanza kufunga siku hiyo moja, na hakuna daktari aliyeweza kumzuia.

"Siji," alisema. "Siku ya baba yangu mimi siendi kwenye keki na mvinyo. Nenda na mabalozi wako."

Mabalozi, hayo ndiyo yalikuwa matusi yake kwa tasnifu. Inessa aliandika jinsi Ujerumani Magharibi ilivyojirudishia jina mbele ya dunia baada ya vita: mkataba wa fidia na Israeli, barua za mabalozi, mivutano ya wizarani, na namna watu wa Bonn, makao ya serikali hiyo, walivyojieleza kwa wageni mpaka wakaanza wenyewe kuamini wao ni nani sasa. Kazi ya miaka. Huko kwao alikuwa mwalimu wa historia. Alipohamia Ujerumani wakamwambia cheti chake hakitambuliki, akaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akasoma usiku, akaingia chuo kikuu akiwa na nywele nyeupe na miwani miwili. Sasa ana miaka hamsini na saba, na mtu mmoja tu aliyemtaka kwenye kiti cha mbele anasema haji.

Kesho yake akaenda kwa Profesa Wiebke Harmsen, msimamizi wake. Profesa alisikia, uso ukawaka hadi masikioni.

"Bi Gurvich, idara nzima ya historia ya Wayahudi! Hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia?"

"Hata Myahudi wenu mwenyewe hakuangalia, Profesa."

Heidrun, katibu wa idara, aliangua kicheko nyuma ya kompyuta. "Basi tuandike mlangoni: hapa tunajua kila kitu ila leo ni lini."

Kubadilisha siku kulishindikana. Mtahini wa nje, Profesa Lührs wa Hamburg, alikuwa na nafasi siku hiyo tu, vinginevyo mpaka Aprili. Inessa akasema basi, iwe hiyohiyo, atatetea na njaa yake.

Asubuhi ya siku yenyewe Basya aliwasha mshumaa wa kumkumbuka baba yake, ule wa kwenye glasi, akaketi mbele yake na shali mabegani.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema bila kugeuka. "Kurasa zote zile. Baba yangu yumo?"

"Hayumo, mama."

"Nilijua."

Inessa akavaa koti akatoka.

Saa nane mchana akaanza. Alieleza vizuri, Profesa Harmsen akauliza, akajibiwa. Ukumbi ulikuwa wazi kwa yeyote kama ilivyo desturi, wanafunzi wakiingia na kutoka na makoti yao yenye maji. Kisha Profesa Lührs, mtu mrefu mkavu kama ufagio, akavua miwani.

"Bi Gurvich, humu ndani unawaandika Wajerumani kama majirani wa ng'ambo ya ua. Lakini wewe una pasipoti ya Kijerumani. Sera hii ya nje, je, ni yako pia?"

Wakati huohuo mlango wa nyuma ukafunguka, kofia ya manyoya ikaingia, na chini yake Basya, akihema. Mtu akampisha kiti.

Inessa alishika ukingo wa meza.

"Profesa, nilikozaliwa kitambulisho changu kiliandikwa Myahudi. Nikaja hapa, majirani wakaniita Mrusi. Mtu pekee aliyewahi kuniita Mjerumani ni karani wa uchaguzi." Watu wakacheka. Akangoja. "Ndiyo, ni yangu. Naipigia kura na kuilipia kodi. Lakini nitakwambia kwa nini nimesimama ng'ambo ya ua. Fidia ile ililipwa na dola kwa dola, na kwa watu walio hai. Babu yangu hakuwa dola, na hata siku aliyokufa hatuijui. Kwa hiyo hayumo humu. Nimeandika juu ya mabalozi kwa sababu nilitaka kujua, walipokuwa wanapeana mikono, walikuwa wanamkumbuka nani. Jibu liko sura ya tano, na halipendezi. Ila swali lenyewe, babu ndiye aliyenituma kuliuliza."

Profesa Lührs akarudisha miwani. "Sina swali jingine," alisema. "Nina mawazo mengi tu."

Akafaulu, tena kwa sifa kubwa. Makofi, kukumbatiana, Profesa Harmsen akamwambia, "Sasa tuache mambo ya Bi na Profesa. Niite Wiebke." Inessa alijaribu, ulimi ukakwama, akasema, "Asante, Profesa Wiebke."

Kwenye chumba cha pili meza ilikuwa imejaa: samaki wa chumvi, saladi ya viazi, keki ya asali. Heidrun alikuwa ameifunika yote kwa shuka na kusimama mbele yake kama askari.

"Hakuna anayegusa kabla ya saumu kwisha! Hata wewe, Profesa, nimeuona mkono wako."

Inessa akamfuata mama yake. "Na mshumaa?"

"Nimeuweka kwenye sinki, hautaunguza nyumba. Babu yako hakupenda kukodolewa macho." Basya akajipangusa pua. "Alifunga duka siku niliyoanza darasa la kwanza. Mteja alikuwa anangoja kofia, akamwambia arudi kesho. Nikakumbuka hilo, nikapanda tramu."

Wenzake walikuwa wamemtengenezea Inessa kofia ya shahada ya udaktari, kama wanavyofanyiwa wote wanaofaulu: kadibodi nyeusi, bendera ndogo za balozi, na juu yake balozi wa plastiki aliyeshika mkoba. Ukingo ulikuwa unaning'inia.

Basya aliigeuza mkononi. "Nani ameshona hii?"

"Mimi," alisema Heidrun.

"Mwanangu, hii haijashonwa. Hii imesamehewa tu. Lete sindano."

Heidrun akacheka mpaka akashika kiuno, akaenda kutafuta. Na wakati Profesa Lührs na Profesa Harmsen wakisimama dirishani wakitafuta nyota za kufungulia saumu kwenye mawingu mazito ya Desemba, wakibishana ni vitabu gani vinasema giza limeingia, Basya aliketi kwenye kona na kushona ukingo mzunguko mzima, mishono midogo, uzi akiukata kwa meno. Mwishowe Harmsen akapiga simu sinagogi.

"Imekwisha!" alitangaza. "Tuleni!"

Shuka likavutwa. Basya alimeza kipande cha samaki wa chumvi, akaitikia kwa kichwa, kisha akamwinamisha binti yake na kumvika kofia, akaivuta kidogo upande wa kulia.

"Hivi ndivyo alivyokuwa anaziweka," alisema. "Sasa nipe keki."

Kofia haikutikisika jioni nzima.