Mkono wa Muigai Chini ya Kadi

Mjini Thika, mtu aliyetaka picha yake ikae vizuri kwenye fremu alikwenda dukani kwa Dilip, na Dilip akampa fundi wake Kagwe kazi hiyo. Mbao na vioo Dilip alivijua. Lakini kadi, ile kadibodi nyeupe inayotobolewa dirisha ili picha ichungulie, ilikuwa ya Kagwe peke yake. Aliikata kwa mshazari, kingo zikainama ndani, na ukipitisha ukucha kwenye pembe haukwami popote. Wengine walisimamisha kisu palepale kwenye alama, pembe ikang'ang'ania, wakaivuta, ikatoka na manyoya ya karatasi. Kagwe aliipitisha ncha mbele ya alama kidogo tu, upana wa unywele, na chini aliweka kadi kuukuu ili ncha ipate pa kuzama. Alijivuna kwa hilo, na nani angemlaumu? Kadi yenye pembe ya manyoya aliichana mbele ya mteja.

Jambo jingine alilojivunia ni Muigai, mwanawe wa pekee. Kabla mambo hayajaharibika kabisa, kijana alipiga picha na mama yake, Waithira: mama ameketi, mwana amesimama kando yake, mkono begani kwa mama. Mwaka uliofuata, wa hamsini na nne, mkoloni akiwasaka wapiganaji wa msituni, Muigai alikamatwa akapelekwa kambi ya kizuizini, na wazazi wakasukumwa kwenye kijiji kilichozungushiwa mtaro na kulindwa, karibu na Ruiru. Homgadi, askari wenyeji wa mkoloni, waliingia nyumba yoyote saa yoyote, na sura ya mtu aliye kizuizini ilitosha kukuletea balaa. Waithira akasema picha ikafichwe kazini. Kagwe akaiweka katikati ya kadi mbili kuukuu, akazigundisha kingo, akaitia chini kabisa ya rundo la kadi kuukuu alizokuwa akikatia juu yake. Hakumwambia mtu, hata Dilip.

Kisha habari ikaja kwamba Muigai ameugua huko kambini, amekufa, amezikwa hukohuko. Basi. Hapakuwa na kaburi la kung'olea magugu.

"Niletee mwanangu nimtundike ukutani," Waithira alimwambia mumewe. "Anayetaka kupekua, aje apekue."

Kagwe alipofika kazini alilivuta rundo, akatazama chini. Ile kadi yenye picha haikuwepo. Akakumbuka mvua za masika zilizopita, paa lilipovuja na Dilip akaliinua rundo lisilowe. Alikuwa amemshukuru kwa wema huo. Kumbe lilirudishwa chini juu, juu chini.

Aliipata kadi yake karibu na juu, uso umejaa makovu ya kisu. Aliibandua polepole. Mkato mmoja uliozama hadi kwenye picha ulishuka kati ya mama na mwana, ukamkata Muigai kifundo cha mkono. Damu ilimpanda Kagwe, akageuka amkamate Dilip shati. Halafu akautazama tena ule mkato. Ulikuwa wa mshazari, safi, na kwenye pembe umepita upana wa unywele. Thika nzima aliyekata hivyo alikuwa mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na siku hiyo Kagwe alitamani wangekuwa wamekosea.

Kazi yenyewe aliikumbuka. Ilikuwa picha ya mbwa wa settla mmoja, mzungu wa shamba la kahawa, kadi nene iliyomlazimu kukandamiza kisu. Settla alizisifu pembe. Kagwe alikuwa akipiga mbinja akikata. Sasa aliketi sakafuni akalia kwa sauti, na Dilip akafunga mlango wa duka.

Alipoweza kushika kisu, alikata kadi ya madirisha mawili, moja la mama na moja la mwana, na kati yao kipande chembamba cha kuuficha mkato. Hakuwahi kukata pembe safi kama zile. Aliibeba hadi Ruiru imefungwa kwa shuka, akiomba Mungu fremu ipendeze na maswali yasiwepo.

Waithira alipitisha kidole begani kwake pichani.

"Baba Muigai, mkono wake uko wapi?"

Angeweza kudanganya. "Uko chini ya kadi," alisema. "Umekatwa. Niliukata mimi, mama, bila kujua." Akamweleza yote, hadi mbwa wa settla.

Waithira hakumlaani, na hilo lilimuumiza zaidi. Aligeuza fremu, akaanza kung'oa misumari kwa kisu cha jikoni.

"Toa hicho kipande," alisema. "Naona mama na mtu wa mbali. Nataka mkono wake begani kwangu, hata ukiwa umekatwa."

Kagwe alitafuta wembe. Hakuwa na rula wala kadi ya chini. Kipande kilitoka kwa kunyofoka, kikaacha manyoya juu na chini. Alitaka kuyakwangua, Waithira akamshika mkono akamwambia aache. Wakaitundika hivyohivyo, na kila aliyeingia kutoa pole aliona zile pembe mbovu, kazi ya fundi Kagwe.