Ngazi za Maktaba

Mkutubi alikuwa na dada yake mkubwa, mshonaji hodari ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Polio ilimnyang'anya miguu angali mdogo, ila ulimi ilimwachia, tena mkali. Alipenda kusoma kupita kiasi, hata kipande cha gazeti kilichofungiwa sabuni hakikumpita. Vitabu aliletewa na mdogo wake kutoka kazini.

"Unanichagulia kama mtoto anayechaguliwa nguo," alilalamika. "Nataka nisimame mbele ya rafu... haya, nikae mbele ya rafu, nipekue mwenyewe!"

Lakini mlango wa maktaba ulikuwa juu ya ngazi. Mkutubi alimwomba mkuu wake ijengwe njia ya mteremko.

"Hao wa viti vya magurudumu wako wapi?" mkuu aliuliza. "Sijawahi kumwona hata mmoja humu ndani."

"Wataingiaje, bosi?"

Bosi akacheka, yakaishia hapo.

Basi siku moja mkutubi akamleta dada yake mpaka chini ya ngazi. Bosi, kwa moyo mweupe kabisa, akaita walinzi wambebe. Wakamnyanyua kama gunia. Gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo likapanda hadi mapajani mbele ya wanafunzi, naye hakuweza kulivuta, mikono imeng'ang'ania shingo za watu. Ndani alichukua kitabu kilichokuwa karibu, hata jina lake hakulitazama.

"Leo nimepanda ndege," alitania walipotoka.

Hakukanyaga tena pale. Kila alipoalikwa, alisema ana nguo za watu. Mkutubi hakukata tamaa. Alisihi, akapanda ofisi hii na kushuka ile, hadi ruhusa ya kujenga njia ya mteremko ikatoka. Wakati huo Fundi alikuwa amelazwa, kifua kimembana.

"Wameanza kumwaga zege, dada."

"Waambie wasiinue sana," Fundi alisema kwa shida. "Mikono yangu imechoka."

Alifariki zege halijakauka.

Siku ya kuifungua njia ile, bosi alimsifu mkutubi mbele ya wageni, akampa kipaza sauti. Mkutubi alitaka kuwaambia kwamba mtu hufungiwa nje, kisha akaulizwa mbona haji. Badala yake akarudisha kipaza sauti, akaingia stoo, akakaa juu ya maboksi ya vitabu vipya na kulia kwa sauti. Wasomaji walimsikia. Hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.