Kungoja Theluji ya Watu

Eda ya mume wangu niliikaa Bur Dubai, katika fleti ya madam niliyemfanyia kazi za nyumbani, juu ya maduka ya vitambaa. Mume wangu alifariki ghafla Mombasa, akazikwa siku ile ile kabla ya magharibi, na habari zilinikuta napiga pasi. Nilimaliza shati nililokuwa nalo, nikalitundika, nikachukua jingine. Sikulia. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha, unauona ni wako lakini ukiufinya hausikii.

Kaka yangu alinieleza kwenye simu kwamba maiti keshazikwa, sina la kuwahi, nikae eda huku huku na nikiimaliza nirudi kwa mwanangu, msichana aliyebaki na nyanya yake. Nikamwendea madam. Yeye ni mtu wa Kirgizstani, kwao ni milimani, na wiki ile ndiyo alikuwa amemleta mama yake Dubai akwepe baridi. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa pole, akaniambia nimtunzie mama yake kwanza. Theluji ya kwao ikiyeyuka, bi mkubwa atarudi shambani kwake, na mimi nitakatiwa tiketi siku hiyo hiyo. Nikakubali. Safari yangu ikawa imetundikwa kwenye theluji, kitu ambacho sijakigusa maishani mwangu.

Bi mkubwa hakujua Kiingereza, na Kiarabu chake kilikuwa cha ndani ya sala tu, kama changu. Siku ya kwanza aliponiona na nguo nyeupe tupu alinishika mashavu akatabasamu, nikaona ajabu, mtu gani huyu anafurahia ujane wangu? Madam ndiye aliyetufafanulia. Kwao mjane hujifunga nyeusi, na siku anayovishwa nyeupe ndiyo siku ya kumaliza msiba. Kwetu nyeupe ndiyo msiba wenyewe. Alipoelewa, bi mkubwa aliketi pale pale akainua mikono, akamsomea Fatiha mume wangu, mtu asiyemjua hata kwa picha. Nami niliitikia amina nikiwaza sufuria iliyokuwa jikoni.

Jirani wa kijijini alikuwa amefunga kamera ndogo barazani kwa bi mkubwa, na picha yake tuliitazama kwenye televisheni ya sebuleni kutwa. Ilikuwa ua, wigo wa mbao, banda la ng'ombe, mti wa tufaha na weupe mtupu. Nje ya dirisha letu Dubai ilikuwa katika hali yake nzuri kuliko zote, watu wanavuka hori kwa mashua za abra jioni, mtaani Al Rigga wanakula nje barabarani. Madam alitusihi tushuke tukapunge upepo. Mimi nilikataa kwa sababu ya eda, bi mkubwa akakataa kwa sababu ya ua wake. Tukabaki wajane wawili, maana naye mumewe alishafariki zamani, tunakodolea uwanja usiokuwa na mtu.

Asubuhi moja niliona duara jeusi kwenye theluji, kuzunguka shina la mti wa tufaha. Nikadhani kuna mwizi aliyewasha moto, nikamkimbilia bi mkubwa na mkono kifuani. Alitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akanishika kiganja akakiweka kwenye bilauri ya chai yake, akauonyesha ule mti. Nikaelewa kwamba mti una joto ndani yake, na theluji huanza kuyeyuka pale unapogusa ardhi. Tangu hapo nilikuwa nikiamka naulizia duara kabla sijanawa uso.

Baadaye paa likaanza kudondosha maji. Mbwa wa jirani akapata kipande cha udongo mkavu chini ya ukuta, akawa halali pengine. Nikaanza kupanga nguo kwenye sanduku langu. Halafu kukacha siku moja na kila kitu kimefunikwa upya, duara hakuna, mbwa hayupo. "Kar," bi mkubwa akasema, yaani theluji, akarudi kwenye chai yake bila wasiwasi. Nilichukia. Niliona theluji ile ina roho mbaya na mimi binafsi.

Jioni mwanangu alipiga simu.

"Mama, waja lini?"

"Theluji ikiyeyuka."

"Theluji gani, mama, hapo Dubai?"

Nilijaribu kumweleza, nikajisikia mwenyewe ninavyosema upuuzi. Sikuhisi uchungu hata hivyo. Niliona tu kwamba ningepaswa kuuhisi.

Hapa Dubai, dalili za majira kubadilika zilikuwa za namna nyingine. Bomba la maji baridi lilianza kutoa maji ya vuguvugu, na madam akawasha AC. Eda yangu ikaisha katikati ya juma. Nyumbani wangekuja wanawake wakanikosha, wakanifukiza udi. Huku nilioga peke yangu, nikatoka na nguo zile zile nyeupe kwa kuzoea. Bi mkubwa akafungua sanduku lake akatoa kitambaa chekundu cha maua, akanifunga kichwani kwa mikono yake, akanigeuza kwenye kioo. Nilijiona. Nilimshukuru, nikaenda kuosha vyombo.

Siku chache baadaye jirani alifungua banda. Ng'ombe akatoka, akasimama, kisha akaanza kurukaruka kwenye matope kama ndama, na bi mkubwa akapiga makofi. Ua wote ulikuwa mweusi, na pembeni mwa wigo majani yameanza. Madam akakata tiketi. Moja.

Aliniita jikoni akanieleza kwa upole. Kazi zimemzidi, hana wa kumwachia nyumba, tungoje msimu wa joto upite, inshallah. "Sawa, madam," nikasema. Nikarudisha sanduku langu juu ya kabati.

Bi mkubwa aliniona nikilirudisha. Alimwendea binti yake, wakazungumza kwa lugha yao, wala hawakupaza sauti.

Asubuhi ya safari, teksi ilikuwa imefika chini. Bi mkubwa alikuwa amevaa koti lake zito, ameketi mbele ya televisheni, mkoba magotini. Madam akamwambia twende. Hakuinuka. Alinyoosha kidole kwenye picha, ng'ombe anakula majani, jua limetanda.

"Kar," akasema.

Madam akatazama ua, akacheka, akamjibu kitu.

"Kar."

Dereva akapiga simu, madam akamwomba angoje. Akachuchumaa mbele ya mama yake, akazungumza naye taratibu. Mama yake hakumtazama. Mwanamke aliyekaa majira yote akiomba kuiona ardhi ile, anayeijua theluji kama ninavyoijua chumvi, alikuwa amekielekeza kidole kwenye majani mabichi akishikilia kwamba ni theluji, maana tiketi yangu ilikuwa haijakatwa.

"Kar."

Madam alisimama, akanitazama mimi na kitambaa changu chekundu. Akaingia chumbani kwake, akatoka na pasipoti yangu mkononi, akaanza kutafuta ndege kwenye simu. Nilikaa sakafuni nikamlilia mume wangu kwa sauti, nikimwita kwa jina, na kila mahali mwilini paliuma.

Bi mkubwa alichukua rimoti, akazima televisheni.