Muuguzi wa Kidonge cha Kamera

Muuguzi yule wa kliniki ya Manika haharakishi mtu. Kile kidonge chenye kamera, kinachomezwa ili kipige picha za utumbo mpana, hukiweka kwanza kiganjani mwa mgonjwa, kikimetameta, mpaka akizoee. Mkanda wa kupokea picha humfunga kiunoni kwa vidole vyepesi, kisha huufunika kwa kitenge, mtu asione haya barabarani. Tata Tshimanga, mzee aliyechimba shaba chini ya ardhi miaka thelathini, alikimeza jasho likimtoka. Damu aliyoiona chooni ilikuwa imemnyima usingizi. Kesho yake alikirudisha kidonge, amekiosha, amekifunga kwenye leso.

“Mama, kamera yenu njo hii. Kule ku mugodi, kila mutu anaandikisha taa yake akishuka, anairudisha akipanda; taa kama hairudi, kuna mutu amebakia chini.”

Vidonge hivyo hutumika mara moja, vikatupwa. Daktari aliyekuwa kando aliinamisha uso kuficha kicheko. Muuguzi hakucheka. Alikipokea kwa mikono miwili, akafungua daftari, akaandika jina na saa, akampa kalamu atie sahihi.

“Taa imerudi, tata,” alisema. “Hakuna mutu amebakia chini.”