Neema Ameondoka Kwenda Kazini Boga

Marafiki, nimemficha binti yangu maneno ya daktari. Hayumo humu kundini, ndiyo maana naandika.

Leo asubuhi pikipiki ilikuja kumchukua Neema.

Kwa miaka mingi hapa Bunia mtu alipata cheo kikubwa kwenye shirika, la sivyo aliuza vitu barabarani. Kazi za katikati, zenye mshahara wa kila mwezi, zilitoweka. Sasa zinarudi. Neema wangu, mhasibu aliyekuwa akiuza kadi za simu mtaani Mudzipela, ameajiriwa na kiwanda cha kahawa kule Boga.

Dereva alipoona mizigo ya Neema akacheka: "Mama, weye unaenda kuolewa?"

"Naenda kutumika kazi! Funga godoro muzuri."

Alikuwa ameshapanda, kisha akashuka. Hapo nikaogopa.

"Papa, sema kweli. Munganga alisema nini?"

"Alisema nikunywe dawa. Enda, mvua iko inakuja."

"Noeli nitakuletea kuku ya mushahara yangu."

"Ulete munene."

Akacheka, wakaondoka. Nilipunga mkono mpaka ukachoka, na siku hizi hauchelewi kuchoka.

Ninyi mngemwambia? Nijibuni hapa chini, ila asijue.

Daktari alisema nimebakiwa na majuma machache.