Siku Niliyoomba Mama Ashindwe

Mama yangu alisahau jina langu kabla hajasahau adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyotaka kutuua.

Tulikuwa tunaishi wawili Kariakoo, kwenye nyumba ya Kiswahili iliyobanwa na maghorofa pande tatu. Baba alipofariki, mirathi ilifunguliwa na kufungwa bila ugomvi, na sisi watoto tulikubaliana nyumba iandikwe jina la mama. Tulijiona watu wa maana sana. Hakuna aliyeuliza itakuwaje mwenye jina akipotewa na kumbukumbu.

Akapotewa. Alianza kwa kutia chumvi kwenye chai, akaja kumtafuta baba uwani, akaishia kuniuliza mimi nimetumwa na nani. Lakini mle ndani alijiweza. Aliamka, akaupapasa ukuta wa ukumbi hadi uwani, akajisitiri, akarudi kitandani. Siku moja nilimpeleka Upanga kumsalimia shangazi. Alipotaka kwenda msalani alizunguka sebuleni akilia kama mtoto, mpaka akajikojolea. Tangu siku hiyo nilijua kwamba mama akihamishwa kutoka kwake, hatuna mama tena.

Kaka zangu hawakuyaona haya. Walikuja Ijumaa baada ya sala, kanzu zimepigwa pasi, nao wakapokewa kama kawaida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, hamjambo? Wazima huko? Watoto je? Haya kaeni, mle kwanza."

Hakutaja jina hata moja, na nani angemdai mama yake amtaje jina? Akiulizwa jambo gumu alicheka tu: "Ah, na wewe nawe!" Wakacheka wote. Kisha kaka mkubwa akanivuta pembeni.

"Mama yupo fiti kabisa. Wewe ndio unamzeesha. Unaitaka nyumba, sema tu."

Nilitamani kumtandika kofi, pamoja na ukubwa wake na kanzu yake.

Ijumaa moja alikuja na mtu wa kujenga ghorofa, wamebeba halua. Mpango wao ulishaiva: nyumba iuzwe, kila mtoto apate fremu ya duka pale chini, mama akae kwa wanawe kwa zamu. Yule bwana alipiga magoti kumwamkia mama, nusura nimwamini hata mimi. Akasema anaomba dole gumba lake tu, si jambo kubwa. Mama hajawahi kumnyima mgeni kitu maishani mwake.

"Lete mwanangu," akasema, akanyoosha mkono kwa furaha.

Nilikipiga teke kile kiboksi cha wino, kikaruka hadi mlangoni. Kaka aliniita mwendawazimu mbele za watu. Mama akaniomba nimletee mgeni maji ya kunywa.

Nilikwenda Ilala, kwenye ofisi ya msaada wa sheria, nikiwa sina mbele wala nyuma. Wakili alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, lakini hakunificha ukweli.

"Dada, nyumba ni ya mama yako. Akiwa na akili timamu akaweka dole, imeuzwa. Wewe kumwogesha na kumlisha hakukupi sauti."

"Na kama hana akili timamu?"

"Hapo mahakama inaweza kuzuia mauzo na kuteua mtu wa kumsimamia yeye na mali yake. Tutahitaji ripoti ya daktari, na hakimu atataka kumwona mwenyewe." Akanikazia macho. "Usimfundishe cha kusema."

Kumfundisha! Nilicheka, kisha nikalia palepale mezani kwake, mpaka akafunga mlango.

Asubuhi ya kwenda mahakamani shetani alinijia na ushauri mzuri. Nisimwogeshe. Nimpeleke na dera la jana lenye uji kifuani, nywele timutimu, watu wajionee. Nilikuwa tayari nimelishika lile dera. Nikashindwa. Nikamwogesha, nikampaka mafuta, nikamfukiza udi, nikamvalisha baibui jipya. Halafu nikaomba dua ambayo sijui kama ilipokelewa au iliandikwa dhambi: Ewe Mola, leo mama yangu ashindwe mbele za watu.

Weee! Aling'ara. Hakimu, kijana tu, alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Mama yako mzima?"

"Mzima, mama. Leo ni siku gani?"

"Siku njema, maana tumeonana."

Watu wakacheka. Akamuuliza anaishi wapi.

"Kwangu. Karibu sana, utakuja lini?"

Wakacheka tena. Kaka mkubwa aliegemea kiti, mikono kifuani, kama mtu aliyeshiba. Wakili wangu aliacha kuandika. Nilimchukia mama kwa dakika ile, nasema kweli, nilimchukia kwa uzuri wake wote. Nikaiona nyumba inaondoka, na yeye anazunguka kwenye sebule za watu akilia.

Hakimu hakucheka mara ya pili. Akaninyooshea kalamu.

"Mama, huyu aliyekaa na wewe ni nani?"

Mama akanigeukia. Akanitazama kwa upole, akanishika bega.

"Huyu? Huyu binti wa kazi. Ana adabu, sijapata binti kama huyu. Mwanangu wa kike hayupo, ameenda sokoni. Anarudi sasa hivi."

"Anaitwa nani huyo mwanao?"

Alitafuta. Midomo ilicheza, haikutoa kitu. "Atakuja mwenyewe, atakwambia."

Kaka aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nilimwona analia.

Zuio lilitolewa: nyumba isiuzwe wala isiwekwe rehani mpaka ripoti ya daktari isomwe na shauri liishe. Wakili aliniminya mkono akasema tumepata. Kweli nilikuwa nimepata, tena vilevile nilivyoomba.

Tulirudi kwa bajaji. Mama alikuwa mchangamfu, akiangalia maduka kama mgeni wa mji. Tulipofika mlangoni akanizuia kwa mkono.

"Binti, leo umechoka. Nenda kapumzike kwenu. Mwanangu akirudi atanihudumia."

"Haya, bibi," nikamwambia. Nikafungua mlango, nikaingia naye.