Lenzi Mezani, Gari Mlangoni

Jina la Makopo si mimi niliyempa mume wangu. Mtaa ndio uliompa, tangu siku walipomwona anarudi na kiroba begani, vitu vinagongana humo ndani, wakadhani ameanza kuokota makopo ya kuuza. Kumbe ni kamera. Kamera kuukuu za filamu, ambazo hata wenyewe walishazitupa stoo na kuzisahau. Kazi yake ni kuchonga funguo, ana kibanda kando ya soko, na mchana kutwa anashinda ameinamia jiliwa na tupa. Ungedhani mtu huyo akirudi nyumbani atanyoosha mgongo. Thubutu! Anaketi mezani na bisibisi zake ndogo za saa, anaanza kufungua, kupuliza, kufuta. Kabati langu la vyombo lilishatekwa zamani. Vikombe vya wageni vinalala chini ya kitanda, na nyuma ya kioo cha kabati zimejipanga kamera, zinanikodolea macho kila nikipita na ndoo. Nina wake wenza mimi, nyie acheni tu.

Na kukusanya peke yake hakukumtosha. Filamu zimekuwa adimu na pa kuzisafishia hakuna tena, basi akanunua kamera ya dijitali mkononi mwa mtu, haina lenzi, bodi tupu, na akaanza kuzifunga lenzi za kizee kwenye hiyo bodi mpya. Shingo zao hazioani, kwa hiyo anachonga pete ya shaba ya kukaa katikati. Pete hiyo nimeijua kuliko pete yangu ya ndoa, kwa jinsi ninavyosimuliwa. Ikizidi unene kidogo tu, lenzi inaona karibu na haioni mbali. Ataipiga tupa, ataipima, ataipiga tupa tena, chakula kinapoa. Kukasirika nakasirika, sitaki kusema uongo. Lakini alinipiga picha siku moja ninaanika nguo, nilipoiona nikashindwa kumtukana mpaka jua likazama.

Sasa tuje kwa mama yake. Mama mkwe wangu anaishi nasi, mjane, ulimi wake mkali kuliko wangu, na ndiyo maana tunapatana. Macho yake yaliingia ukungu polepole, miaka ikapita, sisi tukawa tunadhani ni uzee. Tulipompeleka hospitali, daktari akatuambia jicho la kushoto limeshakwenda na halirudi. La kulia lina mtoto wa jicho aliyeiva kupita kiasi. Lipasuliwe, litolewe lenzi iliyoharibika, liwekwe mpya, ataona. Tukichelewa, nalo litazimika kama mwenzake.

Mama akakataa. Siku ya kwanza ya kupasuliwa aliumwa tumbo ghafla. Siku ya pili alijifungia bafuni akaimba, na mtu anayeimba bafuni utamvunjiaje mlango? Daktari akatupa siku ya tatu na kutuonya kwamba baada ya hapo anasafiri kikazi, hatarudi mapema, na jicho lile halina uwezo wa kumsubiri. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukingo wenyewe ulikuwa asubuhi ile.

Dereva wa jirani, tuliyemwomba atupeleke, alikuwa ameshafika. Gari linanguruma mlangoni. Mfuko wa nguo za mama nilishaufunga, nimeuweka kizingitini. Mwenyewe amekaa kwenye kiti mezani, kaishika meza kwa mikono miwili.

"Mama, gari limekuja," nikamwambia.

"Nimelisikia. Mimi ni kipofu, si kiziwi."

"Basi tuondoke, mama yangu."

"Sitoki. Huyu mtoto wa jicho nimemlea mwenyewe, hanidai karo wala viatu. Mwacheni akae kwa mama yake."

Dereva akapiga honi. Nikacheka kidogo. Mume wangu hakucheka. Alichuchumaa mbele yake.

"Mama, unaogopa nini hasa? Niambie mimi."

Mama akasema bila mzaha wowote. "Sasa hivi naona mwanga. Najua dirisha liko wapi. Najua kumekucha. Nikienda huko nikarudi sina hata huo mwanga, wewe utanipa wa kwako?"

Nikamtazama mume wangu, naye anatazama kabati. Nikaijua ile sura. Ni sura ya mtu aliyepata wazo, na mawazo yake yote huanzia kwenye lile kabati.

"Usithubutu," nikamwambia. "Si leo. Gari linasubiri."

"Dakika moja tu, mke wangu."

Dakika ya mume wangu naijua, ina urefu wa mchana. Akafungua kabati akatoa lenzi anayoipenda kuliko zote, ile nzito aliyoipata imejaa ukungu ndani, akaisafisha kwa majuma mpaka ikang'aa. Akatoa na kamera ya dijitali ikiwa imeshafungwa pete ya shaba. Akavuta kiti, akaishika mikono ya mama, akamwekea lenzi viganjani.

"Hii, mama, ilikuwa kama jicho lako. Ukungu mtupu. Walitaka kuitupa. Shika hapa, sikia ninavyofungua."

Na mama akashika! Vidole vyake vikaanza kufuata vidole vya mwanawe. Mume wangu akazungusha pete ya mbele, ikatoka. Akakitoa kioo akakiweka kwenye kitambaa, akamshikisha ukingo wake.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinaziba. Kinatoka, kinaingia kizima, basi. Sikuigusa kamera yenyewe. Mimi kila siku nafunga lenzi ya zamani kwenye bodi mpya. Daktari anafanya kazi hiyohiyo ila kaigeuza: lenzi mpya kwenye bodi ya zamani."

"Kwa hiyo bodi kuukuu ndiyo mimi."

"Bodi imara, mama. Siku hizi hawatengenezi kama hizo."

Mama akatabasamu. Wallahi nilimwona akitabasamu, na mkono mmoja ukaiachia meza. Nikasogea kuuchukua mfuko. Nilisema moyoni, leo huyu Makopo nitampikia anachotaka, na kabati naye abaki nalo.

Lakini mume wangu akishaanza kueleza hajui pa kuishia. Kioo kilikuwa kinatosha. Yeye akaendelea. Akaanza kufungua na ile pete kubwa ya katikati, ile inayozungushwa picha itulie, ili mama asikie jinsi inavyoteleza. Ndani imekatwa meno ya skrubu, mengi, yanapishana. Nimemwona akiifungua mara nyingi, na kila mara, kabla haijaachia, huikwaruza kwa sindano kuweka alama, maana ikirudishwa kwa jino lisilo lake lenzi inakuwa na makengeza. Hajawahi kusahau alama. Siku hiyo alikuwa anaongea, anamtazama mama usoni, anafurahi kwamba anasikilizwa. Pete ikaachia mkononi mwake.

Nikaona mikono imesimama.

"Nini?" akauliza mama.

"Hakuna kitu."

"Mbona umenyamaza?"

"Nafuta vumbi, mama."

Honi tena, ndefu. Nikatoka mlangoni nikampungia dereva mkono asubiri, naye akanionyesha saa yake. Niliporudi mume wangu anatokwa jasho. Anaiingiza pete, anaizungusha, anaitoa, anajaribu jino jingine. Mkono wa mama ulikuwa umerudi kwenye meza, umeishika barabara. Nikatamani nimpokonye ile lenzi niitupe uani. Mtu mzima, mama yake anapoteza jicho, yeye anacheza na pete! Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanawaka.

Akairudisha kwa nguvu za kubahatisha, akarudisha kioo, akaifunga lenzi kwenye bodi ya dijitali. Mlio wa kufungana ukasikika.

"Haya," mama akasema. "Umeshaitoa na kuirudisha. Ielekeze dirishani uniambie. Inaona?"

Akaielekeza dirishani, kwenye geti la majirani ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nyuma yake, nakiona kioo cha picha kilicho mgongoni mwa kamera. Akazungusha huku, akazungusha kule. Geti halikuja. Ukungu mtupu, rangi zimemwagika kama maji ya kufulia. Akazungusha tena mpaka ikagota.

"Inaona?"

Hapo nikaelewa kwamba kila kitu kinategemea neno litakalofuata. Mama haoni. Akiambiwa geti linaonekana hadi misumari yake, atajuaje? Nikambana bega, nikamtolea macho: sema ndiyo. Hakusema. Basi nikasema mimi.

"Inaona vizuri kabisa, mama. Safi kama maji ya mtungi."

Nilidanganya, na wallahi ningedanganya tena. Mama akageuza uso, si kwangu, kwa mwanawe.

"Nakuuliza wewe."

Mume wangu akaiweka kamera mezani. "Haioni, mama," akasema. "Nimeiharibu. Ilikuwa nzima, nimeiharibu sasa hivi, mbele yako."

Nikakaa chini sakafuni. Nikasema basi, la kuvunda halina ubani. Jicho limekwenda. Nikaanza hata kufikiria jinsi nitakavyomshika mkono kwenda chooni kila siku ya maisha yake, na nani atamwambia kumekucha.

"Hata alama nimesahau kuweka," mume wangu akaendelea. "Naogopa. Najifanya fundi hapa, nakuambia habari za bodi na lenzi, na sijui lolote. Daktari akikosea, mimi ndiye niliyekushawishi. Na nikikuacha hapa, mimi ndiye niliyekuacha ukawa kipofu. Sijalala, mama. Naogopa kuliko wewe."

Akalaza uso mezani katikati ya bisibisi zake akalia, mwanamume mzima, na mimi hasira zote zikaniishia.

Mama alisikiliza kile kilio mpaka mwisho. Akapapasa meza, akapita juu ya kamera, juu ya bisibisi, akakipata kichwa chake, akakishika.

"Kumbe unaogopa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Si ungesema tangu mwanzo? Unaniletea hadithi za vyuma!" Akasimama. "Mkwe, nipe mfuko wangu. Na wewe inuka, nipe mkono. Tutaenda wote, usiogope, mimi nipo."

Akatangulia yeye, kipofu, anamvuta mwanawe kuelekea mlio wa gari, hata kizingiti nusura kimwangushe. Ndani ya gari aliushika ule mkono njia nzima. Dereva alikuwa amejiandaa kugomba, akatutazama kwenye kioo, akaendesha kimyakimya.

Hospitali walimchukua, wakamrudisha na jicho limefungwa bandeji, wakasema halifunguliwi mpaka kesho asubuhi. Hawakutuambia kama imekubali. Tulikaa naye wodini kwa zamu. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyoichukia ile bandeji, nyeupe, imetulia, imejua jambo na haisemi. Mume wangu hakugusa chakula, na mama akawa kila akiamka anauliza, "Mwanangu, bado unaogopa?" Naye anajibu, "Kidogo."

Kulipokucha, muuguzi akaja na mkasi. Mimi nikasimama miguuni pa kitanda, mume wangu karibu na kichwa, upande wa dirisha. Bandeji ikatoka. Mama akapepesa. Jicho limevimba, linatoka machozi, linazunguka darini, ukutani, kwenye kofia ya muuguzi. Halafu likamfikia mume wangu, likasimama.

Uso wa mama ukabadilika. Akaukamata ukingo wa kitanda, akarudi nyuma mpaka kwenye mto wa kulalia.

"Mume wangu," akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Umekuja kunichukua?"

Muuguzi akanitazama. Baba mkwe alizikwa kabla sijaolewa. Picha yake nimeiona, ana mvi kwenye ndevu, na mistari miwili mikubwa hapa kwenye paji, kama mwanawe alivyo sasa.

"Kwa hiyo nimekufa," mama akasema. "Walinipasua nikafa."

"Mama, ni mimi."

Akaisikia sauti. Jicho likatoka kwenye ndevu likaenda kwenye paji, likarudi kwenye ndevu. Akanyoosha mkono, akamgusa shavu, na alipogusa akafumba jicho, kama anataka mkono ndio uhakikishe, halafu akalifumbua tena.

"Wewe?" akasema. "Na mvi zote hizi? Mbona nilikuacha kijana, baba?"

Mume wangu akaushika ule mkono uliokuwa shavuni kwake.

"Inama," mama akamwambia. "Inama nikuone vizuri."

Akainama.